Samawati ya mama

Huku Leicester baridi imeanza kulegea. Mara iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za watoto na Kiswahili nyumbani. Niwieni radhi, hayo yatasubiri. Kuna jambo limenikaa rohoni miezi miwili sasa, na mwenye makosa ndani yake ni mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe linamhusu mama yangu.

Mama ana miaka 76 na anakaa nasi hapa. Tangu usichana wake Unguja, kazi ya mikono yake ni kushona kofia. Si kofia za mashine, ni zile za vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kikizungushiwa uzi kwa sindano mpaka ua likamilike. Kofia moja humchukua miezi. Mimi na ndugu zangu tumesoma kwa vidole hivyo, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayethubutu kumfundisha mama habari za uzi.

Mwishoni mwa mwaka jana mwanangu wa mwisho alimwomba bibi yake amshonee kofia ya Idi, maua yake yawe ya samawati. Mama akaianza. Majira yale huku kwetu jua huzama saa kumi jioni, basi mama akawa anashona chini ya taa ya sebuleni mpaka wakati wa kulala. Alipofika nusu, mtoto akaijaribu mbele ya kioo, akacheka.

"Bibi, mbona huku samawati na huku kijani?"

Mama akaichukua, akaigeuzageuza chini ya taa. "Yote samawati hii, mjukuu wangu."

Nikaenda kuangalia. Kweli, maua ya upande mmoja yalikuwa samawati na ya upande wa pili kijani hafifu, rangi ambayo mama mwenyewe huiita chanikiwiti. Mshono ulikuwa ule ule, safi kama siku zote. Uzi tu ndio uliobadilika, na aliyeubadilisha hakujua.

Siku ile nilicheka pamoja na mwanangu. La pili halikunichekesha. Tulikuwa na harusi, na wanawake wa upande wetu tulikubaliana sare, mitandio ya kijani kilichokoza. Tumefika ukumbini, mama anavua koti, mtandio wake wa buluu. Nyumbani anayo yote miwili, akachukua huo. Nikamwambia mbele za watu, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake: "Mama, si tumesema kijani? Tuseme mara ngapi?" Mama akajitazama, akanitazama, akakaa. Nyuma yangu nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake: "Keshaanza huyo."

La tatu likanitia hofu. Mama humeza vidonge viwili kila jioni, kimoja cheupe na kimoja cha manjano hafifu, vyote vidogo na umbo lao moja. Siku moja nikahesabu vilivyobaki, hesabu haikwenda. Vyeupe vilikuwa vimepungua mno, vya manjano vimezidi. Nikampigia simu mfamasia, akanituliza kwamba kwa dawa zile na kwa kiasi kile hakukuwa na hatari, ila kosa lisirudiwe.

Basi nikaamua, wala sikumuuliza mwenyewe. Nikazichukua dawa zake nikaziweka chumbani kwangu. Nikamwambia apumzike kushona. Nikamwondoa jikoni. Usiku nikampigia dada yangu aliyeko Muscat, nikamwambia: "Dada, mama akili inaanza kumtoka. Tujitayarishe." Nilipoweka simu nikageuka, mama alikuwa amesimama kwenye ngazi.

Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi, tukinywa chai, akaniambia: "Mwanangu, umesema akili inanitoka. Niulize basi."

"Nikuulize nini, mama?"

"Lolote."

Sikuuliza. Akaanza mwenyewe. Akataja wajukuu wake wote kumi na mmoja na siku walizozaliwa. Akanitajia aliyemkopa kofia mbili mwaka ule niliopoanza darasa la kwanza, ambaye hajalipa mpaka leo. Akanikumbusha kwamba Alhamisi nina miadi ya meno, na mimi nilikuwa nimeisahau. Kisha akainuka, akaosha kikombe chake, akaenda zake chumbani.

Pale ndipo nilipoanza kufikiri kwa utulivu. Mama alikosea uzi, mtandio na vidonge. Hakukosea mtu, wala siku, wala deni, wala sala. Makosa yake yote yalikuwa ya rangi, na yote aliyafanya jioni, kwenye mwanga mdogo.

Tulikwenda kwanza kwa daktari wetu wa familia. Akampima kumbukumbu kwa maswali, mama akayajibu. Kisha akanigeukia mimi: mara ya mwisho alipimwa macho lini? Nikakosa jibu. Huku Uingereza mtu akishatimiza miaka 60 hupimwa macho bure, na mimi nilikuwa sijampeleka mama kwa sababu miwani yake ya kusomea ilikuwa bado nzima.

Mpimaji wa macho alikuwa binti mpole, asiye na haraka. Alianza na kile kitabu cha duara za nukta nukta zenye namba iliyojificha katikati, alichokitoa daktari wa Kijapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Mama akazisoma namba zote. Moyo ukanishuka. Nikasema basi macho ni mazima, tatizo ni kichwa. Binti akatikisa kichwa. Kitabu kile, akatueleza, kinawatafuta wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao huzaliwa hivyo. Huwapata wanaume zaidi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200. Uzee hauingilii mlango huo. Uzee huanza na buluu.

Akamletea mama vifuniko 15 vya rangi avipange, kila rangi kando ya ile inayokaribiana nayo. Upande mmoja mama alivipanga upesi, kama anayepanga nyuzi zake. Alipofika kwenye buluu na kijani, akavipindua viwili vitatu. Mimi nilikuwa naona waziwazi kwamba vimekosea njia. Yeye hakuwa na shaka hata chembe.

Nieleze alivyotueleza, maana wengi wenu mna mzazi au babu nyumbani. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Tunazaliwa nayo ikiwa angavu kama maji. Lenzi haitupi tabaka zake za zamani, huongeza mpya juu yake maisha yote, na protini zilizomo hubadilika polepole zikaingia umanjano. Mwanga ukipita kwenye kitu cha manjano, buluu yake hupungua njiani. Nikamtafsiria mama: "Anasema kioo cha ndani ya jicho kimeingia umanjano."

Mama akafikiri kidogo. "Kama kanzu iliyokaa sandukuni?"

Nikamwambia ndiyo, kama kanzu.

"Basi muulize, hakuna nili ya macho?"

Vijana huenda hamuijui nili. Ni ile rangi ya buluu ambayo mama zetu waliitia kwenye maji ya mwisho ya kufulia nguo nyeupe. Nguo nyeupe ikikaa sana huwa manjano, na buluu kidogo huuficha umanjano ule, mtu akaiona nyeupe tena. Binti alipoelewa akacheka, akasema nili ya macho bado haijapatikana.

Tena lenzi haiko peke yake. Mboni, ule mlango mweusi wa kupitishia mwanga, huzidi kuwa mdogo kadiri miaka inavyokwenda, na gizani haifunguki kama zamani. Ukijumlisha na umanjano wa lenzi, inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Na huko ndani, kwenye retina, kuna seli za aina tatu za kupokea rangi, ambapo zile za buluu ndizo chache kuliko zote, hazifiki hata moja kati ya kumi. Basi buluu inapunguzwa mlangoni, na ndani wenyeji wake ni wachache.

Kwa mzee, buluu na kijani hukaribiana. Buluu iliyokoza huonekana nyeusi. Zambarau hufifia ikaelekea kijivu au kahawia. Manjano hafifu na nyeupe huwa kitu kimoja. Nyekundu na machungwa hubaki zikijitambulisha vizuri zaidi. Niliposikia hayo nikaiona mbele yangu kofia, nikauona mtandio, nikaviona vidonge. Kila kitu nilichomgombeza mama kilikuwa kwenye orodha ile.

Nikauliza: iweje yeye mwenyewe asijue? Binti akasema mabadiliko haya huja kidogo kidogo kwa miongo, na ubongo hujirekebisha njiani. Kwa mama, nyeupe ni nyeupe bado. Haoni dunia ya manjano. Nikakumbuka nyumba inayofukizwa udi kila siku. Mgeni huusikia udi tangu mlangoni, mwenye nyumba hausikii.

Wapo wanaokuja kugundua baadaye. Mjomba wangu wa Muscat alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi yake ya zamani ikatolewa na kuwekwa mpya, safi. Siku za mwanzo aliniambia kwa simu: "Kumbe bahari ya Matrah ni buluu bado! Mimi nilidhani wameichafua." Wengi baada ya upasuaji huo huona kila kitu kimezidi ubuluu kwa muda, mpaka ubongo uzoee. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet, yule wa bustani ya Giverny, alipatikana na mtoto wa jicho mwaka 1912. Akakiogopa kisu zaidi ya miaka kumi, mpaka alipopasuliwa mwaka 1923 akiwa na miaka 82. Picha zake nyingi za miaka ya mwisho kabla ya upasuaji zimekolea wekundu na ukahawia, na baada yake alilalamika kwamba sasa anaona buluu kupita kiasi.

Lakini tusichanganye mambo. Ya Monet na ya mjomba yalikuwa maradhi, mtoto wa jicho aliyekomaa. Mama yangu hana mtoto wa jicho wa kuhitaji kisu, presha ya macho yake iko sawa na retina yake nzima. Macho yake yamezeeka tu, kama magoti yake. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kuwaletea: rangi kubadilika polepole kwa mtu aliyevuka miaka 60 au 70, macho yote mawili kwa pamoja, ni sehemu ya kuzeeka na si alama ya kupotewa na akili.

Hata hivyo msikae nyumbani mkajiambia kwamba safu hii imesema ni uzee. Rangi zikibadilika ghafla, au kwa jicho moja tu, au taa zikizungukwa na duara za mwanga, au mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda, au kukawa na maumivu au giza linaloshuka kama pazia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Presha ya macho na kisukari pia huharibu rangi ya buluu, na zipo dawa za moyo zinazoweza kuifanya dunia ionekane manjano. Anayeweza kutenganisha haya ni mtaalamu, kwa vipimo. Na mzee akianza kukosea watu, siku na njia za kurudi nyumbani, hilo ni jambo jingine, nalo linahitaji daktari.

Tulivyobadilisha nyumbani si vitu vya gharama. Kwanza mwanga. Nilimnunulia mama taa ya mezani yenye shingo ya kukunja, inaangaza kazi yake kutoka ubavuni na haimpigi machoni, maana macho ya mzee huumizwa na mng'aro kuliko yetu. Nguo za kesho huchaguliwa mchana, karibu na dirisha. Wali hapakuliwi tena kwenye sahani nyeupe. Ukingo wa kila ngazi nimeubandika utepe mweupe juu ya zulia jeusi, kwa sababu jicho lililozeeka hutegemea giza na mwangaza kuliko tofauti za rangi. Jikoni amerudi. Tumekubaliana kitu kimoja tu: kabla ya kuondoka ashike vitasa vya jiko la gesi kwa mkono, asitegemee kuuona mwali, kwa kuwa mwali wa gesi ni wa buluu hafifu.

Dawa nimemrudishia. Ziko kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku, na kila chupa ina maandishi makubwa meusi. Usimwambie mzee "meza cha buluu". Huku Uingereza vidonge vya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutambulishwa kwa rangi: cha miligramu 1 kahawia, cha miligramu 3 buluu, cha miligramu 5 waridi. Rangi hizo humsaidia mwenye macho ya miaka thelathini. Wanaozimeza wengi ni wazee.

Na nyinyi mlioacha wazazi nyumbani, mnaosoma au kufanya kazi mbali, mna sehemu yenu. Ni mara ngapi umempigia mama simu ukamwambia "bonyeza kile cha kijani", akabonyeza cha buluu, wewe ukapumua kwa kuchoka na yeye akakusikia? WhatsApp ni ya kijani na Facebook ni ya buluu kwako wewe. Mwelekeze kwa mahali na kwa umbo: "mstari wa chini kabisa, kile chenye alama ya simu ndani." Na safari ijayo, kabla ya kumpelekea manukato, mpelekee taa nzuri ya kusomea, na umpe nauli na pesa ya kupima macho.

Baada ya kutoka kwa mpimaji, ndani ya basi, nilimwambia mama aniwie radhi. Kwa sare, kwa jikoni, na kwa maneno ya ngazini. Mama akatazama nje ya dirisha kidogo. "Ya sare nimesamehe siku ile ile," akasema. "Ya ngazini yaliniuma." Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza. Jioni alinitaka nimpigie dada Muscat, nimweleze alivyoambiwa, na yeye akikaa pale pale akisikiliza. Nikapiga.

Kofia hakuiacha vile. Mwanangu alimwambia kwamba yeye anaipenda na rangi zake mbili, mama akamjibu kwamba kazi yenye dosari haitoki mikononi mwake. Alifumua maua yote ya kijani, moja moja, akikaa dirishani kuanzia saa nne asubuhi mpaka mwanga unapoanza kuondoka. Mtoto naye alizifungia nyuzi zake kwenye vifuko na kuandika jina la kila rangi kwa kalamu nene. Kwenye kimoja ameandika CHANIKIWITI, neno alilolijua mwaka huu. Akiwa na shaka mama huinua uzi na kuuliza, "Hii samawati?" nasi hujibu ndiyo au siyo, basi.

Nami nina miaka 51. Juzi nilivaa alfajiri, taa hafifu, nikaenda kazini. Niliporudi, mwanangu akanionyesha miguu yangu akicheka: soksi moja nyeusi, moja ya buluu. Nilikuwa nimeapa kwamba ni jozi moja. Mama alikuwa kwenye kiti chake, sindano mkononi. Hakucheka. Akaisogeza taa yake kidogo upande wangu.

Tukutane toleo lijalo, na habari za watoto na Kiswahili nitazileta kweli. Wasalimieni wazee wenu.